Mishono Yangu Haiulizwi Jina

Trifon Mutafov,
Nyumba ya pili juu ya daraja la mbao,
Teteven.

Kwa Ndugu Krastyo Banchev,
Mwenyekiti, Ushirika wa Wafumaji "Rudo Vlakno".

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MISHONO YANGU NDANI YA KOMPAILA, PAMOJA NA UFUNGUO WANGU ULIOCHUKULIWA

Kichwa hapo juu kimejieleza, lakini nitakieleza tena, maana tangu nifungiwe kazi nina nafasi ya kutosha. Mimi ni mzima. Mke wangu Yonka ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Natumaini na wewe u mzima, kwa sababu utahitaji afya ili uimalize barua hii.

Ni aibu mtu kama mimi kujitambulisha katika ushirika huu, ila siku hizi kila kitu kinatakiwa kijitambulishe, na ndilo hasa ninalolalamikia. Nimesoma madarasa manne. La nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu kwa haki ni matano. Nilikuwa fundi wa mashine za kufumia, mikono yote miwili mafuta mpaka kwenye viwiko. Mwaka 1987 zilipoletwa mashine zenye akili, walikuja wahandisi watatu kutoka Sofia. Walizizunguka siku nne, wakala supu yetu ya maharage, wakaondoka. Nikabaki mimi, bisibisi, na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani. Kijerumani sikijui, na hilo lilinisaidia sana kwa sababu hakuna kilichonipotosha.

Katika majira mawili ya baridi nikaandika kompaila, ile programu inayochukua mchoro wa sweta na kuugeuza kuwa amri ambazo sindano zinazielewa. Tangu siku hiyo mashine zimebadilishwa mara tatu na lugha ya kuandikia programu mara mbili. Lakini ukiingia mle ndani ukapapasa, utaukuta mkono wangu. Teteven nzima hakuna mwingine aliyefanya hivyo, wala Lovech hakuna. Wa Sofia sijawauliza, sitaki kuwavunja moyo.

Sasa amekuja Mhandisi Zornitsa Peeva, mwenye miaka thelathini na moja na vyeti viwili vya chuo, ndiye mkuu wa kompaila. Simkatai. Ni binti mwenye heshima, anasalimia kwanza. Lakini ameninyang'anya ufunguo wangu wa kuandikia ndani ya kompaila, na Ijumaa ya wiki ijayo anakusudia kuingia katika sehemu niliyoiandika mwenyewe, mahali mia nne na kumi na mbili, abadilishe kila pahali ninapovika bila kuuliza. Nikishapoteza mahali hapo, Ndugu Mwenyekiti, mle ndani hapatabaki kitu changu. Nitakuwa mzee anayekunywa kahawa karibu na mashine. Kwa hiyo naomba mambo mawili tu: abadilishaye azuiwe, na ufunguo wangu urudi. Sababu zangu ni hizi.

1. Kuhusu dharau ya kuuliza.

Mchoro wa sweta ukiingia katika kompaila unakuwa kama mti. Shina ni sweta lenyewe, matawi ni mgongo, kifua, mikono na kola, na majani ni mishono. Mimi jani likinifikia mkononi nalijua. Nalivika aina yake palepale, nasema, "Wewe ni mshono wa mbavu," kisha naendelea na safari. Halijawahi kunibishia hata moja.

Mhandisi Peeva ameleta kitu anachokiita kuvika kwa usalama. Kabla hujalivika jani aina yoyote, sharti ulisimamishe uliulize, "Je, wewe ni mshono wa mbavu?" Likikubali unapita. Likikataa unapewa tupu. Na swali lenyewe haliulizwi siku ya kuandika programu, watu wakiwa wametulia na kahawa iko mezani. Linaulizwa programu ikiwa inakimbia, mchoro uko njiani, sindano zimeinuka zinasubiri! Ni kama kumsimamisha bwana harusi mlangoni mwa kanisa, kengele zinalia, ukamuuliza kama yeye ni mwanamume.

Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, mbona unakasirika? Kuuliza si ujinga."

Nikamjibu, "Si ujinga kwa asiyejua, binti yangu. Mimi najua."

"Basi ukiulizwa utajibu haraka," akasema. Hii ndiyo adabu ya vyeti viwili.

Ili nisionekane napinga bila utafiti, nilijaribu utaratibu wake nyumbani. Yonka alipoleta supu nilimzuia kwa mkono, nikamwambia, "Kabla sijapokea bakuli hili, je, wewe ni Yonka?"

Akasema, "Mimi ni mwanamke anayerudisha supu sufuriani." Na akairudisha.

2. Kuhusu tupu.

Jambo la supu limenifundisha jambo la pili. Ukiuliza ukajibiwa hapana, huondoki na kitu, unaondoka na tupu. Na hiyo tupu nayo huwezi kuigusa, maana ukiigusa programu inaanguka kifudifudi. Kwa hiyo baada ya kuuliza swali la kwanza sharti uulize la pili: "Je, nilichopewa ni kitu au ni tupu?" Swali limezaa swali. Watu wetu wa zamani wanasema mkono mtupu haulambwi, na huyu binti anataka kuijaza kompaila mikono mitupu mia nne na kumi na miwili, kisha aweke walinzi wa kuilinda isilambwe.

Kwa utaratibu wangu kulikuwa na kitu siku zote. Sikatai, mara nyingine kitu hicho kilikuwa kingine. Mwaka 1994 mkono wa sweta ulivikwa aina ya kola, yakatoka masweta sitini yenye shingo ndefu kama bomba la jiko. Je, tulilia? Chama cha wanamieleka kiliyachukua yote, wakasema hawajawahi kuvaa kitu kinachowatosha shingo namna ile. Mwaka 2003 likatoka sweta la mikono mitatu. Mpiga ngoma wa bendi ya zimamoto analivaa mpaka leo, na mkono wa tatu anawekea vijiti. Sasa niambie, tupu imemvalisha nani?

3. Kuhusu orodha, ambayo ndiyo iliyoniponza.

Hapa naomba usome taratibu, maana Peeva atakuja kukueleza kwa namna yake.

Mashine inapouliza "wewe ni mshono?", maana sehemu alizoandika Peeva tayari zinauliza, haiangalii sura. Inaangalia namba. Aina zote zimepangwa katika orodha moja ndefu, kila moja na namba yake. Kuna mstari unaoitwa Mshono wa Kwanza na mwingine chini yake unaoitwa Mshono wa Mwisho. Aliye kati ya mistari hiyo miwili ni mshono. Aliye nje yake si mshono, ni kola, ni mfuko, ni kifungo, au ni mpita njia.

Majira ya kupukutika majani nilimaliza kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu. Niliifundisha mashine kufuma msuko wa marehemu mama yangu Stoyna, ule mzito unaopanda kifuani kama nywele za bibi harusi. Alikuwa akiufuma kwa mkono, karibu na jiko, bila kutazama. Hakuna mashine iliyowahi kuuweza kabla yangu. Ilibaki kuuingiza katika orodha tu. Nikajiuliza, msuko wa mama yangu ukae wapi? Mkubwa hakai katikati ya watoto. Nikauweka juu kabisa, juu ya Mshono wa Kwanza, mahali pa heshima.

Siku hiyohiyo vikafumwa vizibao arobaini vya kwaya ya wanawake wa Ribaritsa, kwa ajili ya tamasha. Mashine ikafika kwenye msuko, ikauliza, "Wewe ni mshono?" Msuko, kwa namba ile, ukajibu hapana. Mashine ikapata tupu, ikauruka, ikaendelea na kwapa. Vikatoka vizibao arobaini vyenye dirisha kifuani.

Mama Rayna Tsolova, kiongozi wa kwaya, alikivaa kimoja palepale uani ili niaibike mbele ya watu. "Trifon," akasema, "tunakwenda kwenye tamasha kuimba au kutazamwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hewa ikiingia vizuri na sauti itatoka vizuri. Wanawake arobaini hawakuupokea.

Nami mtu mwelewa, nikajikosoa. Nikaona labda nimejikweza, Mungu hapendi. Kwa unyenyekevu nikauondoa msuko kule juu nikaupeleka chini kabisa, chini ya Mshono wa Mwisho, mahali pa mtumwa. Vikafumwa vizibao arobaini vingine. Madirisha arobaini mengine.

Ndipo Peeva akanijia na sura ya daktari. "Mzee Trifon," akasema, "uliuweka nje ya uzio. Ukaja kuusahihisha, ukauweka tena nje ya uzio. Uzio una pande mbili, na wewe zote umezipata." Wenzake wakacheka, na kaka yule wa ghala akacheka zaidi ya wote, naye hajui hata uzio gani. Jioni hiyo nikajaribu ufunguo wangu, haufungui.

Naomba utafakari, Ndugu Mwenyekiti. Kama mashine isingeuliza, ningeuvika msuko aina ya mshono kwa mkono wangu, kwa sababu NAJUA ni mshono, nimelelewa nao. Ungefumwa. Kwaya ingevaa. Msuko wa mama yangu ulikataliwa mlangoni na swali, si na mimi. Halafu aliyeadhibiwa ni nani?

4. Kahawa ya kantini imekuwa nyepesi. Hili halihusiani, lakini kwa kuwa nimeshakuandikia.

5. Kuhusu desturi zetu, na jambo la msafisha dohani ambalo watu wanalipotosha.

Unajua vizuri kwamba katika siku ya jina, sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, hakuna anayealikwa. Tarehe mosi Februari, siku ya Mtakatifu Trifon, tukishapogoa mizabibu mlango wangu unakaa wazi, na anayeingia ameingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukai mlangoni na orodha. Hiyo ndiyo kompaila niliyoiandika, Ndugu Mwenyekiti: nyumba yenye mlango wazi. Na nitakuonyesha kwamba inafanya kazi.

Mwaka huu, saa sita mchana, aliingia mwanamume mnene mwenye masharubu. Nikamvika palepale aina ya binamu yangu Petko wa Glozhene, ambaye hatujaonana miaka kumi na mmoja. Nikamkumbatia. Uso ulikuwa mweusi kidogo, nikasema Petko amepata jua. Yonka akanong'ona, "Jua gani Februari?" Nikamwambia anyamaze, huyu ni damu. Akakaa. Alikula pai ya banitsa kama binamu. Alikunywa pombe ya rakia kama binamu, pengine zaidi. Tulipoimba, aliimba, na maneno ya ubeti wa pili hakuyajua, kama Petko mwenyewe. Saa nne nzima, Ndugu Mwenyekiti, saa nne, bila kasoro hata moja!

Kasoro ilitokea nilipomuuliza, "Shangazi Minka anaendeleaje?"

Akasema, "Nani?"

Nikasema, "Mama yako, Petko!"

Akaweka kijiko chini. "Mama yangu ni Dobra, yuko Ruse, mzima kabisa. Mimi ni msafisha dohani, mzee. Mkeo aliniita tangu juzi. Nilipoingia ulinibusu, nikaona nisikuvunjie heshima."

Na kweli dohani haikuwa imesafishwa, na kwa kuwa jiko lilikuwa limekokwa tangu asubuhi kwa ajili ya kumpika jogoo, moshi wote ukarudi ndani. Watu ishirini na watatu wakatoka nje uani wakikohoa, na Padri Evstati alitoka kwa kupitia dirishani. Mji mzima unasema Trifon hakuuliza. Mimi nasema, tazameni ukweli! Kabla sijauliza alikuwa binamu mzuri kuliko Petko. Kilichoharibu sherehe ni swali. Nisingemuuliza habari za Shangazi Minka, angekuwa binamu yangu mpaka leo.

Peeva aliposikia habari hii alikaa kwenye kiti. "Mzee Trifon," akasema, "hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kitu ulichokivika aina isiyo yake kinatulia tu, mpaka siku utakapokidai kile ambacho aina hiyo huwa nacho. Ndipo moshi unapotoka." Alisema kwa upole mpaka nikakasirika zaidi.

6. Kwa hiyo madai yangu.

Maswali yote yaondolewe katika kompaila kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, basi aina ambazo zimetumika kuanzia miaka thelathini zisiulizwe, ziheshimiwe kama wazee wanavyopewa kiti. Ikishindikana hilo nalo, basi anayeuliza naye aulizwe: kila asubuhi Mhandisi Peeva akifika, mlinzi wa lango amuulize, "Je, wewe ni mhandisi?", na akichelewa kujibu apewe tupu arudi nayo kwao. Na kama haya yote ni magumu kwa Kamati, ninalo la mwisho ambalo nimelifikiri mwenyewe bila msaada wa mtu. Tufute aina. Zote. Iwepo aina moja tu, nayo iitwe Kitu. Mshono ni kitu, kola ni kitu, mfuko ni kitu, mimi na wewe mbele ya Mungu ni vitu. Hapo hakuna wa kuulizwa na hakuna wa kudanganya. Mashine ikipokea kitu ifume kitu, na mteja akipata kitu ashukuru.

Najua kuna watakaosema mzee huyu anatetea makosa yake. Sijawahi kukosea. Katika mahali mia nne na kumi na mbili hakuna hata pahali pamoja palipokosewa tangu nilipopaandika, na namba kamili ya makosa nitakuandikia hapa chini ili Kamati iwe na ushahidi mkononi.

Nakuacha na afya njema na uvumilivu. Nisalimie mkeo Nedyalka na mshono wa operesheni yake, nao usiulizwe kitu, upone tu. Nisalimie wakinamama wote wa chumba cha kufungasha, walinzi wa lango wote wawili, na fundi wa boila. Kaka wa ghala usimsalimie. Mhandisi Peeva msalimie kwa kiasi. Yonka anakusalimu, na anasema barua ni ndefu.

Ni mimi ambaye kompaila inanifahamu hata kama ufunguo umenikana,

Trifon Mutafov
Fundi

N.B. Barua hii ilikuwa tayari imo kwenye bahasha tangu Jumanne. Ilibaki kujaza ile namba ya makosa, ambayo nilijua ni sifuri, lakini nilitaka sifuri iliyohesabiwa, si ya mdomo. Sasa, ili nihesabu, ilinibidi nijue katika kila mahali kama jani nililolivika aina ndilo kweli. Na hakuna njia ya kujua isipokuwa kuliuliza. Kwa hiyo katika nakala yangu ya nyumbani niliweka swali mahali pa kwanza, kwa ajili ya hesabu tu, ili nimwaibishe Peeva. Halafu pa pili. Siku tatu, Yonka akiniletea supu bila maneno, nikayaweka maswali yote mia nne na kumi na mawili, pamoja na walinzi wa tupu, maana bila wao hesabu ilikuwa inaanguka kifudifudi.

Sifuri haikupatikana. Yalipatikana tisa. Moja ni kola ya wanaume, ambayo tangu mwaka 1989 nimekuwa nikiivika aina ya mfuko, na sasa naelewa kwa nini kola zetu zinakaa wazi kana kwamba zinasubiri karanga. La tisa sitaliandika. Lilikuwa katika msuko wa mama. Upande mmoja niliufuma ukipinda kinyume na alivyokuwa akiupinda yeye, na nisingeuliza ningekufa nikiamini ndivyo.

Nimeyarekebisha yote tisa. Orodha nayo nimeipanga, msuko uko kati ya mistari miwili, wa tatu kutoka juu, na nimefuma kizibao kimoja kwa mashine ndogo ya Yonka, hakina dirisha. Kazi ya Ijumaa imekwisha, Peeva hana cha kubadilisha, kinachokosekana ni kuiingiza ndani. Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita, acha la kahawa, na ufunguo wangu naomba unifikie kabla ya siku hiyo. Kama mishono yangu ni lazima iulizwe jina, basi iulizwe na baba yao.